Mama Yenu Mdogo Bado Yuko Ndani

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Na wewe, kifungua mimba wangu, usijibanze hapo mlangoni na mkeo. Njoo ukae mbele ya wadogo zako, maana nitakayosema yanakuhusu.

Baba yenu alipofariki, kaka yenu alihamia kwangu, akasema siwezi kuishi peke yangu na mdogo wangu asiyesikia. Nilifurahi, hata mapazia ya chumba chao nikayashona mwenyewe. Kwanza akachukua simu, eti anaipeleka kwa fundi. Kisha miwani ikapotea, cherehani ikalala kwa sababu tundu la sindano silioni. Wateja wangu aliwaambia kwa upole kwamba siku hizi akili zinaniruka, wasinichoshe, nami nikiwasikia kutoka chumbani, nyuma ya mlango ambao kitasa chake cha ndani kiling'olewa. Nanyi mlipopiga simu mkaambiwa nimelala, mkaamini. Siwalaumu, anajua kuongea.

Siku niliyokataa kutia dole gumba kwenye karatasi za nyumba, hakunifokea. Alimshika mama yenu mdogo mkono, akaukunja taratibu huku akinitazama mimi, akasema, "Mama, weka tu."

Nikaweka. Kwa hiyo jueni, karatasi ile si neno langu. Neno langu ni hili: nyumba ni yenu nyote, na mama yenu mdogo akae humo mpaka mwisho wake.

Aliyenitoa ni fundi viatu wa mtaani. Aliambiwa nimelala, akarudi, nimesafiri, akarudi, mwishowe akagoma kuondoka mpaka anione kwa macho yake, majirani wakajaa uani. Walinikuta nimezimia, wakanibeba kuja hapa kwa dada yenu. Mdogo wangu alikuwa amefungiwa stoo. Hakusikia zogo lile, na hakuna aliyemkumbuka. Nilipozinduka nikauliza, nikaambiwa yuko salama na kaka yenu. Hilo ndilo linalonikata pumzi, si ugonjwa.

Asubuhi nimekuuliza wewe, mwanangu, hali yake. Ukanijibu, "Yupo, Mama, anakula." Mbona mkeo aliinamisha uso? Mbona hata sasa analia?

Wanangu, msingoje nikate roho, wala msiniwekee matanga wakati yule yuko gizani. Inukeni sasa. Piteni polisi, mwende na yule fundi viatu, anaijua njia ya uani. Na popote mtakapoishi, mkiambiwa mzee wa jirani amelala, na kesho amelala, ombeni kumwona.

Mungu awatunze... awape uzee wenye watu. Hapana, sitaki maji. Binti yangu, simama hapo mlangoni.

Mwanangu, nilikuzaa mimi, sikulaani. Toa funguo za stoo. Ziweke hapa... kiganjani... ningali nahisi.