Picha Tatu za Kiatu Kimoja

Sikilizeni wanangu, ila kabla hamjasikiliza tieni simu zenu ndani ya hiki kikapu cha vipande vya ngozi, nyote watatu, na wewe kifungua mimba usinipe ile mbovu ukabaki na nzima mfukoni, nakujua. Mlango ufungeni. Dirisha liacheni, hewa naihitaji. Daktari amenikataza kuongea sana, nami nimemwambia nitanyamaza muda mrefu karibuni, aniachie mchana huu mmoja.

Karakana, cherehani ya ngozi na kalibu zote za mbao za kuundia viatu ni zenu kwa pamoja, karatasi ya wosia anayo yule mwalimu mstaafu jirani yetu, na hayo hayaninyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni lile duka letu lisilo na mlango, lile la mtandaoni, lenye wateja elfu kumi na nne ambao sijashika mguu wa hata mmoja. Mnajua kwamba huu ni mwezi wa pili tangu nibadilishe neno la siri na hakuna anayeweza kulifungua duka ila mimi. Oda zimelala humo ndani. Nikiondoka nalo kichwani, duka limezikwa pamoja nami. Ndiyo maana leo mmewahi wote. Sisemi mmekuja kwa ajili hiyo tu, lakini pia sisemi kwamba siyo.

Kitinda mimba wangu, ulipokuwa chuoni ukisomea biashara uliniletea daftari lako, ukawa unanisomea kando ya meza ya kazi, mimi nagonga misumari wewe unasoma, kwamba biashara ya mtandao ina aina zake, kuna kampuni kuiuzia kampuni, kuna kampuni kumuuzia mtu, kuna mtu kumuuzia mtu mwenzake. Nikakuuliza, na ile ya ndugu kumsaliti ndugu yake imo ukurasa wa ngapi? Ulicheka, ukadhani ni utani wa kizee, kumbe mimi hushuku hata kabla ya kuibiwa. Lakini daftari lile nililishika. Lilisema kwamba dukani mnunuzi anakishika kiatu, anakikunja, anakinusa, na mtandaoni hana cha kushika ila picha, maneno na bei, kwa hiyo picha ikiongopa umeshaiba hata kama kiatu kimefika. Lilisema anuani ya mteja na namba yake ya simu ni amana, na kiatu kikirudishwa kwa sababu kinabana, kipokee bila kununa. Nilipenda kwamba mwalimu aliyekuandikisha hayo, hata kama hajawahi kushona soli, alimjua mnunuzi.

Ndipo ukazuka ule ukurasa wa pili. Jina letu, picha zetu, bei ya chini. Watu wakalipa na viatu havikwenda. Mnamkumbuka yule muuguzi aliyekuja na sare yake, akasimama pale mbele ya wateja akaniita mwizi, kwa kuwa alimwagizia baba yake viatu vya upana maalumu, mzee wa watu miguu imevimba na vya kawaida havimwingii? Nilimpa jozi bure. Akakataa kuipokea, akasema hachukui kitu mkononi mwa tapeli. Miaka arobaini ya kazi, na hilo ndilo jina nililopewa.

Na picha za wezi wale zilikuwa za viatu ambavyo hata sisi tulikuwa hatujavitangaza. Nikasema mwizi yuko ndani, nikawahesabu, mkawa watatu. Wewe kifungua mimba, unayefunga vifurushi na kuvipeleka, ulinunua pikipiki mpya ukasema ya mkopo. Wewe binti yangu, mpiga picha wetu, simu ikilia ulitoka nje kuipokelea. Wewe kitinda mimba, unayewajibu wateja, ulikuwa unajua mno, na anayejua jinsi wizi unavyofanyika anaweza kuufanya. Nilikaa nanyi mezani nikiwatazama vidole.

Basi nikatega. Nilishona kiatu kipya cha kike cha kamba mbili, nikakipiga picha tatu kwa simu yangu mwenyewe, moja juu ya meza ya kazi, moja juu ya kigoda chekundu, moja dirishani. Ya meza nikampa kifungua mimba, ya kigoda nikampa binti, ya dirisha nikampa kitinda mimba, na kila mmoja nikamnong'oneza kwamba hii ni siri yangu na wewe. Siku ya nne wezi wakakiweka kiatu changu sokoni. Kilikuwa juu ya kigoda chekundu.

Binti yangu, sikukuuliza hata swali moja. Nilikupokonya simu ya kazi mbele ya mafundi na wateja, nikasema sikuzaa mtoto, nilizaa mwizi, nikakufukuza karakana, na siku hiyo hiyo nikabadilisha neno la siri. Ulisema, "Baba, nisikilize." Sikukusikiliza.

Nipeni maji. Kidogo tu. Sasa nafika kwenye aibu yangu, na msinikatize, nikikatizwa sitaimaliza.

Kuna mteja mmoja ambaye huko mtandaoni anajiita Mpenda Ngozi. Alianza kuniandikia mwaka jana, kwenye simu yangu, kila siku, mzee wangu umeamkaje, mzee wangu ule mshono wa kisigino umeushonaje, mbona hakuna fundi mwingine anayeuweza? Nyinyi mmekula kwa ule mshono maisha yenu yote na hakuna aliyewahi kuniuliza nimeushonaje. Sisemi kwa kuwalaumu, nasema mjue niliponasia. Alinivika kilemba cha ukoka nami nikakivaa, nikajiona bwana harusi. Kila kiatu kipya alikiona yeye kwanza. Na ile picha ya kigoda chekundu, kwa kuwa ndiyo iliyotoka nzuri kuliko zote, nilimtumia asubuhi ile ile niliyowagawia nyinyi. Msidhani nilisahau. Nilipohesabu watu wa kushuku, yeye sikumhesabu, kwa sababu alikuwa ananiita mzee wangu.

Wiki iliyopita, nimelala hapa hapa, akaniandikia kwamba kuna namba sita zitaingia kwenye simu yangu, nimpe, anataka kunisaidia kuukuza ukurasa. Zikaingia kweli. Nilikuwa nimeshaandika nne. Ndipo nikakumbuka ile mistari ya daftari uliyoipigia wino mwekundu, kitinda mimba, kwamba namba hizo ni ufunguo na hapewi mtu, ajiite atakavyojiita. Nikazifuta. Kisha nikapiga picha kiatu cha mtoto kisicho na soli, nikamtumia yeye peke yake. Kesho yake kiatu kisicho na soli kilikuwa kinauzwa kule kwenye ukurasa wa wezi, na watu wawili wameandika chini yake kwamba wameshakilipia.

Sogea, binti yangu. Nilikukosea. Nayasema haya mbele ya kaka yako na mdogo wako, na nataka yaandikwe kwenye ukurasa wetu pia wayasome wote elfu kumi na nne, kwa kuwa nilikutukana hadharani. Usinijibu sasa. Ukishindwa kunisamehe leo, jaribu nikishaondoka, labda nitakuwa na usumbufu mdogo zaidi.

Kitinda mimba, peleka polisi mazungumzo yote ya Mpenda Ngozi, usifute hata yale maneno yangu ya kipumbavu, hasa hayo usiyafute. Kifungua mimba, jozi ya baba yake muuguzi iko chini ya kitanda hiki. Ipeleke mwenyewe kwa mkono wako, akiikataa rudi tena wiki ijayo. Na mkopo wa ile pikipiki bado sijauelewa, mtanielewa vibaya lakini ndivyo nilivyo.

Ukurasa ni wa binti. Ndugu zake wataingia kwa ruhusa yake. Msiuze kwa picha kitu ambacho mkono wenu haujakishika... Jamani, pumzi.

Mungu awape riziki isiyo na machozi ya mtu. Awape... awape kusikilizana. Mimi sikuweza.

Binti, shika simu yangu. Leta sikio, karibu zaidi... Umelisikia? Liandike... Imefunguka? Vizuri... Sasa libadilishe. Hapa hapa, kabla hujainuka. Weka neno jipya, lako... 

Mimi usiniambie.