Darasa Linalotembea

Akiwa amezama katika kitabu kuhusu watoto wenye mahitaji maalumu, mhadhiri hakutambua kwamba somo lenyewe lilikuwa limeketi mbele yake garimoshini.

"Dada, mkuu wa shule anataka kumhamisha binti yangu kwa kuwa hatulii kitini," alisema mama mmoja, akicheka hadi machozi. "Mwalimu wake kamruhusu asome akitembea."

"Ukimruhusu mmoja, mwenzangu, watatembea wote," alionya abiria jirani.

"Ndivyo alivyowakuta mkuu leo, mwalimu akiwa mbele."

"Shule hiyo au gwaride?"

"Gwaride, lakini wangu kamaliza ukurasa mzima. Mkuu kasikiliza, mguu ukimchezacheza."

"Basi atamwacha?"

Garimoshi lilisimama, wakashuka wakibishana; mhadhiri, aliyekwisha kufunga kitabu ili awasikilize, aliwafuata kwa macho.

Tangu siku hiyo, mhadhiri hamwambii mwanafunzi yeyote atulie.