Sista Santa na Kipande Kinachozama

Leo, Ijumaa tarehe 29 Mei 2026, Sista Santa Adongo anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kupiga picha za tiba, kumi na tisa Jinja na kumi na mitano hapa Mbale. Wafanyakazi wa kliniki yetu ya matiti, Nabuyonga, wameniomba niandike ukurasa huu kwa sababu, wanasema, Kiswahili changu cha shule kimenyooka kuliko chao. Nadhani wamenichagua pia kwa kuwa mama yangu, Orpah, ni mgonjwa wake.

Sista Santa alikulia katika kambi ya polisi. Kiswahili alikipata huko, katikati ya amri. Hapa kliniki hukitumia kumwambia mama mwenye hofu alale chali na apumue taratibu. Wenzake humwita Afande, naye huitika.

Kazi yake ni kutafuta uvimbe ambao vidole haviwezi kuushika. Huuona kwenye kioo cha ultrasaundi, huchoma ganzi, kisha huongoza sindano akiitazama kiooni mpaka iufikie na kukata vipande vyembamba vya kupelekwa maabara. Wanafunzi wake hawagusi mgonjwa kabla ya kumshinda kuku. Huficha harage ndani ya kidari cha kuku, na mwanafunzi lazima alitoboe kwa kufuata picha tu. Norman, ambaye leo anachukua nafasi yake, alilikosa mara kumi na moja. Sista akamwambia, "Bwana, huyu kuku sasa ni kichujio cha chai!"

Miaka minne iliyopita mama alimsindikiza dada yake, Christine, kutibiwa saratani. Sista alimshauri naye apimwe. Mkono haukuhisi kitu, lakini picha ilionyesha doa dogo jeusi lenye kingo zilizochongoka. Sindano ilipita, vipande vikaingia kwenye chupa, na majibu yakarudi: mafuta tu, hakuna saratani. Mama alirudi dukani kwake Bugembe, karibu na Jinja, akiimba.

Sista hakuimba. Aliitazama tena ile picha, na haikupatana na majibu. Akakumbuka kwamba vipande vilielea kwenye dawa ya kuvihifadhi chupani, kama mafuta yanavyoelea, ilhali vya uvimbe kwa kawaida huzama. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, akafunga chupa. Alipiga simu mara tatu. Mama hakupokea, maana kwake jambo lilikuwa limekwisha. Jumamosi Sista akaja mwenyewe dukani. Mama alikasirika. "Afande, karatasi inasema niko sawa. Unataka nini tena?" Mbele ya wateja, Sista alijibu, "Nilikosea mimi, Mama Beverlyne. Sindano ilipita pembeni."

Safari ya pili vipande vitatu vilizama. Ilikuwa saratani, ndogo kuliko harage la Norman. Daktari wa upasuaji wa Jinja aliuliza atakata wapi kitu kisichoshikika. Sista alisafiri hadi huko, akapitisha waya mwembamba kama uzi hadi kwenye lile doa, na daktari akaufuata. Mama alipona, na kila mwaka anarudi kupimwa.

Tangu siku ile, hapa kliniki hakuna chupa inayofungwa kabla watu wawili hawajaona kipande kikizama, na hakuna majibu yanayotolewa kabla hayajalinganishwa na picha. Utaratibu huo ameuweka Sista kutokana na kosa lake mwenyewe, na hachoki kulisimulia kwa kila mwanafunzi. Mimi pia nimelisikia, na mwakani nitaomba nafasi ya kusomea kazi hii.

Asante, Sista Santa. Tunakuombea mapumziko marefu na afya njema. Kuku wa leo amepikwa na mama yangu. Hana harage ndani. Kula bila kutafuta kitu.

Beverlyne, binti wa Orpah