Maji Aliyonimwagia Bibi Zuhura

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Mliopata viti nawasalimu, mliosimama mlangoni nawasalimu, na wazee wangu wote shikamooni. Mimi ni Agnesi, wa huku Matombo juu. Nauza ndizi na mdalasini, na shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo msitegemee mpangilio. Nitasema kama ilivyotokea. Bwana amenifungua. Sikuwa nimefungwa na pombe wala uchawi. Nilifungwa na tabia ya kuwapanga watu mafungu.

Mnanijua kwa kuota ndoto. Niliota nitakuwa katekista wa kwanza mwanamke kwenye kigango chetu, tawi letu dogo la parokia, nikipanda milima na pikipiki, watoto wakinikimbilia. Nikaanza kuhudhuria mafundisho na daftari kubwa. Siku moja mwalimu alitufundisha jinsi Kanisa linavyowatofautisha watu katika habari ya imani. Wapo Wakristo wenzetu ambao umoja wetu nao haujakamilika. Wapo wazushi, wapo waliofarakana na Kanisa, wapo walioikana imani, na wapo wasiobatizwa. Alieleza kila kundi taratibu na kwa urefu. Mimi niliandika vichwa vya habari tu. Maelezo niliyaacha, mkono ulikuwa umechoka.

Nilipofika nyumbani nikaanza kujaza majina.

Ndugu zangu, nilijaza kijiji kizima! Fundi cherehani wetu ni Mlutheri tangu kuzaliwa, mpole kama maji ya mtungi, nikamwandika mzushi. Kaka yangu hajaonekana misani tangu Pasaka. Nikamwandika kwa walioikana imani, kumbe ni mvivu wa kuamka tu. Na jirani yangu Bibi Zuhura, Mwislamu, mkunga wa zamani wa mlima huu, nikamweka mwisho wa ukurasa, chini ya mstari mwekundu.

Bibi Zuhura ni mtu wa utani. Akiniona napita na daftari huniita Baba Askofu, ananiuliza kama mbinguni bado kuna nafasi au nimeshazigawa zote. Mwezi wa Ramadhani, kila jioni, hutuletea majirani futari. Mwaka ule alimtuma mjukuu wake na bakuli la mihogo ya nazi, bado ya moto. Nikalirudisha vilevile, na ujumbe juu yake, kwamba mimi siwezi kula futari ya mtu asiyebatizwa. Hakuna padri aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe.

Alilipokea bakuli lake. Ila tangu siku ile hakuniita tena Baba Askofu. Nikipita nampa shikamoo, anaitikia marahaba, anaendelea kupepeta mchele wake. Mimi nikajiambia, hayo ndiyo mateso ya wenye haki.

Basi, Deo akaja kunichumbia. Mnamjua Deo, yule mrefu wa Mlali, anayecheka kabla hajamaliza kusimulia. Kufunga ndoa kunataka cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia uliyobatiziwa, na mimi nilibatizwa hapahapa misheni. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu, nikalelewa na mama mdogo kulekule Mlali kabla ya kurudi huku, na nilipopata kipaimara yeye ndiye aliyeshughulikia karatasi. Sikuwahi kuliona jina langu kwenye kitabu. Safari hii nilikwenda mwenyewe, nimevaa kitenge kipya kabisa.

Karani akafungua kitabu cha zamani, akanionyesha mstari wangu. Agnesi, jina la mama, jina la kijiji. Pembeni pameandikwa: amebatizwa katika hatari ya kufa. Aliyebatiza: Zuhura, mkunga, Mwislamu.

Niliusoma mara tatu. Paroko alikuwa amekwenda kutembelea vigango vya mbali, angerudi baada ya siku mbili. Nikarudi nyumbani. Kama aliyenibatiza hakubatizwa, mimi ni nani? Nikafungua daftari langu nikaanza kujitafuta. Ndugu zangu, nilijikuta ukurasa ule ule, chini ya mstari mwekundu, mimi na Bibi Zuhura! Komunyo zote nilizopokea, kipaimara changu, ndoa ninayoitafuta, nikaona vyote vimeporomoka kama barabara yetu wakati wa masika. Nilimwambia Deo atafute Mkristo wa kweli. Akasema yeye amemtafuta Agnesi, na habari nyingine tumsubiri Paroko.

Paroko aliporudi nilimweleza huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba ubatizo wangu ni halali kabisa. Kanisa linafundisha hivi: pakiwa na hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiyebatizwa, mradi amwage maji, aseme maneno yenyewe, na akusudie kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Nilipopona, mama alinipeleka misheni, padri wa wakati ule akamhoji mkunga, akaridhika, akaandika.

Halafu akaniomba daftari. Akasoma, akatikisa kichwa, akacheka kidogo. Akanieleza yale niliyoyaacha siku ile kwa uchovu wa mkono. Mzushi ni mbatizwa anayeujua ukweli wa imani na kuukataa kwa ukaidi. Aliyezaliwa Mlutheri, akalelewa Mlutheri, dhambi hiyo habebeshwi, ni ndugu yetu. Mwislamu hawezi hata kuitwa mzushi. Anamwabudu Mungu mmoja, mwenye huruma, na Kanisa linamheshimu. Kristo ndiye mwokozi wa wote, lakini asiyemjua bila kosa lake, na anamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, tusimfungie mlango. Majina haya, alisema, yametolewa ili tujue namna ya kuzungumza na kila mtu. Mioyo anaipima Mungu.

Mwisho akaniuliza, "Huyo mama umeshamshukuru?"

Swali hilo ndilo lililonifungua.

Nilimkuta Bibi Zuhura uani, anamenya mihogo. Nikapiga magoti palepale kwenye maganda. Nikamwambia nimekiona kitabu. Kisu kikasimama.

Akanisimulia. Mvua ya masika, mto umejaa, hakuna wa kushuka misheni. Mimi nimetoka sina sauti, nimegeuka rangi. Mama, damu zinamtoka, anamshika Bibi mkono, anamwomba animwagie maji yale ya Kikristo kabla sijafa. Akamfundisha maneno, neno kwa neno.

"Nikamwambia Mungu, wewe unajua haya si yangu," alisema. "Lakini mama huyu ananiomba kile wanachofanya kanisani kwao, nami ninafanya hicho hicho. Nikamwaga maji. Ukapiga chafya, ukalia mpaka nikajuta."

Nikamuuliza mbona hakuniambia siku zote hizi, hata siku ile nilipomtukana.

"Siku ile ndiyo niliamua kunyamaza," akasema. "Niliona ukijua ni mkono wangu, utajichukia mwenyewe. Bora unichukie mimi."

Ndugu zangu, nililia! Nikamwomba msamaha, akanipiga kofi dogo la shavuni, akasema niinuke, nachafua kitenge.

Harusi yetu, kiti cha mama mzazi alikaa yeye. Alikubali kwa sharti moja, asilazimishwe kusimama na kukaa kila mara, maana magoti yake yangempa talaka. Alikaa mbele pale na ushungi wake mweupe, na tulipofika kwenye viapo alimwambia fundi cherehani, kwa sauti ambayo kanisa zima lilisikia, "Huyu nilimpokea mimi."

Namshukuru Mungu aliyenipa uhai kwa mikono ile. Namshukuru mama yangu, aliyeamini kuliko mimi. Nawe ndugu yangu unayelala na hofu kwamba mama yako, mume wako au rafiki yako hayumo kati ya watakaookolewa, mkabidhi kwa Bwana. Mwombee, mpende, mshuhudie Kristo kwa upole, halafu umwachie yeye. Mimi nilikuwa mtoto wa dakika chache, siwezi hata kulia, na Bwana hakunikosa.