Kalamu za Kitanda cha Msaji

Jina langu Mwalim, na ualimu wangu unaishia hapo hapo kwenye jina. Skuli nilifika darasa la nne, chuo cha Kurani nilihitimu kwa kusukumwa, na kazi yangu ni kuutumikia msikiti mmoja mdogo wa Mkunazini: kufagia, kujaza birika, kuadhini pale muadhini anapokuwa na homa. Baada ya sala ya Alasiri hukaa kwenye baraza ya Hasan, mkereza matendegu, yaani miguu ya vitanda, ambaye kwa kazi hiyo sote twamwita Tendegu. Huwapo Mabrouk, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki, na Simai Karani, aliyestaafu afisi lakini hajastaafu kusahihisha watu. Jaku muuza kahawa huweka seredani yake ya makaa na dele lake la kahawa mbele yetu na kugonga vikombe. Mlango unaotukabili, ng'ambo ya kichochoro, ni wa Bi Mwatima. Yeye hukaa nyuma ya ubao mmoja wa mlango, akichambua mchele, nasi twamsikia kuliko tunavyomwona.

Vijana watano wa mtaa wetu, mwanangu Ame akiwa mmoja wao, walikuwa wameingia jeshini na kupelekwa bara, kusini kabisa, karibu na mpaka. Kabla hawajaondoka, mtaa ulikubaliana kila mmoja apewe zawadi ya kalamu ya wino iliyokerezwa na Tendegu kwa mkono wake, ili wasiwe na udhuru wa kutoandika. Miezi mitatu baadaye, mwaka huo wa sitini na nane, bahasha zikaanza kuja, moja kwa kila nyumba. Ndani mlikuwa na karatasi, na juu ya karatasi hapakuwa na kitu. Alkhamisi ninayoieleza, bahasha ya nne ilikuwa imefika asubuhi. Ilitoka kwa Vuai, mtoto wa Bi Mwatima.

— Karatasi mbili, alisema Redio akizigeuza. Mbele na nyuma. Nyeupe kama kanzu ya Idi.

— Kanzu yako, au ya mtu anayefua? aliuliza Karani.

— Karani, leo usinianze. Mie nshajua kilichotokea. Wino. Ule wino wa huko bara mwepesi, ukipigwa na joto la meli hupaa.

— Hupaa ukenda wapi?

— Juu. Mvuke hwenda wapi?

— Basi na anwani ingepaa, alisema Karani. Tazama nje ya bahasha: jina la Bi Mwatima, mtaa, nambari ya nyumba, hata nukta ipo. Nje pameandikwa, ndani tupu. Hapo pana mtu kafuta. Barua za askari husomwa kabla hazijatoka.

— Wakafuta mpaka salamu? aliuliza Bi Mwatima kutoka nyuma ya ubao. "Mama shikamoo" nayo ni siri ya jeshi?

Karani akanywa kahawa yake.

— Skizeni, alisema Jaku, ambaye kwa kawaida hasemi ila bei. Watoto wale wajanja. Wameandika kwa maji ya ndimu. Karatasi hiyo ukiipasha moto, maandishi hutoka.

Tukaitazama seredani. Redio akaichukua karatasi moja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaomba ruhusa:

— Bi Mwatima, nipashe?

— Pasha. Lakini usiniunguzie.

Akaishika juu ya makaa, mbali kidogo, akiizungusha kama mtu anayechoma papa. Karatasi ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Hakikutoka kitu. Ila ilitoka harufu, na sote tukainua vichwa pamoja.

— Vidonge vya nondo, alisema Karani. Bahasha ilikaa na nguo sandukuni.

— Hii si nondo, alisema Tendegu pole pole. Hii kafuri, ya kuoshea maiti.

Niliijua kabla yake. Siku ya msiba mimi ndiye ninayeifungua chupa ya kafuri. Nikainamia kikombe changu, nikasema labda ni uvumba kutoka nyumba ya jirani. Nilisema uongo nikiwa na udhu wangu, na Mungu anajua.

— Mie nakwambieni, alianza Redio, na sauti yake ilikuwa imeshuka, hizi barua zimeandikwa. Zimeandikwa sawasawa. Zikifika kati ya maji, pale mkondoni, maneno yanashuka. Kitu gani chepesi kuliko neno? Karatasi inapita, neno linabaki. Hivi sasa chini huko pana "Mama shikamoo" nne zinaelea, na samaki wanazipitia.

Hakucheka mtu.

— Basi kosa ni la bahari, alisema Tendegu, maana nnakuoneni mnanitazama mie. Zile kalamu nilizijaribu moja moja. Nilizikereza kwa upinde wa kuzungushia mti, patasi nimeikamata kwa kidole cha mguu kama alivyonifunza baba, nikazitoboa, nikazitia mpira wa wino na nibu, nikazisugua nta. Kila moja nilipoitia wino iliandika Bismillahi. Nilizitia alama za pete: ya kwanza pete moja, mpaka ya tano pete tano, ya Ame wa Mwalim huyu hapa.

— Kazi nzuri, alisema Karani. Hilo hatukukatalii.

— Mti ulikuwa mzuri. Msaji mkavu, laini, hata patasi ilikuwa inateleza. Sijapata kukereza mti ulioshikwashikwa vile. Kile kitanda cha zamani alichoniletea Mwalim.

— Kitanda cha nani? aliuliza Karani.

— Cha zamani tu, nilisema.

— Kimelaliwa na wengi, ndivyo ulivyonambia, alisema Tendegu.

Redio akapata pumzi yake. Akasema labda kalamu zimejifunza kulala kuliko kuandika, na watu wakacheka. Nami nilicheka. Naliandika hili kwa sababu nilicheka.

Vicheko havijesha, kijana mmoja mwenye viatu vya jeshi akasimama mbele ya baraza. Akatoa salamu, tukaitikia. Akampa kila mmoja shikamoo yake, akauliza yupi ni baba yake Ame.

— Ndiye mimi.

— Mie naitwa Msabah, wa Tunguu. Tupo kambi moja. Nilipewa ruhusa ya siku kumi kuja kumtazama mama, kesho narudi na meli. Ame kanipa amana yako hii nikupe mkononi.

Bahasha ya tano. Niliipokea nikaiweka gotini, juu yake nikaweka mkono.

Nyuma ya ubao mchele ulikuwa umenyamaza.

— Mwanangu Msabah, alisema Bi Mwatima, Vuai umemwacha hai?

— Hai mzima, mama. Siku niliyoondoka tulikula pamoja.

— Mbona haniandikii?

Msabah akatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

— Anaandika, mama. Wote watano wanaandika. Jumamosi ya kuandika ikifika wanakaa mstari mmoja na zile kalamu zao za mti, na sisi wengine twawaonea wivu. Vuai anajaza karatasi mbili, mbele na nyuma. Nimeyaona maandishi yake kwa macho yangu, meusi ti.

Karani akamwonesha ile karatasi nyeupe, na ile nyingine iliyopashwa moto. Msabah akazigeuza mbele na nyuma.

— Na anwani, alisema Karani, kwa nini haikufutika?

— Bahasha zote huandikwa na karani wa kambi. Ana kalamu yake ya afisi.

Kila mtu alikuwa amefika mahali pamoja kwa njia yake: kilichoandikwa kwa kalamu nyingine kimefika, kilichoandikwa kwa kalamu zetu hakikufika. Msabah akasugua viganja vyake kwenye suruali, akauliza bila ubaya wowote, kama mtu anavyouliza njia:

— Kwani mti wa kalamu hizo ulikuwa wa nini?

Tendegu akanigeukia. Redio akanigeukia. Kama ningesema "kitanda" mara nyingine, kijana angeondoka kesho, na Jumamosi ya kuandika wale watano wangekaa tena mstari mmoja. Nilijua hivyo. Na hata kwa kujua hivyo, ulimi wangu ulianza na "ki".

— Ki… Ni jeneza, nilisema. Jeneza la msikiti. Lile la zamani.

Ikanibidi niendelee. Niliwaeleza kuwa lilipoletwa jeneza jipya, la zamani liliwekwa stoo likiwa limevunjika mguu mmoja. Ni wakfu, haki yake ilikuwa niwaulize wazee. Sikuuliza. Tendegu alikuwa na mti wa kalamu nne tu, na mtoto wangu alikuwa wa tano. Niliona haya mwanangu aende mikono mitupu kati ya wenzake. Nikampelekea mikono ya jeneza, ile ya msaji iliyolainishwa na mabega ya watu, nikamwambia ni kitanda. Tendegu alipouona uzuri wake, akautupa mti wake akazitoa zote tano humo. Baba yangu alipita juu ya mti ule. Mama yake Ame alipita juu ya mti ule, nami nilikuwa mbele bega la kulia.

— Astaghfirullah, alisema Tendegu, akavitazama vidole vyake.

— Mwalim, alisema Karani. Akakosa la kusahihisha.

Msabah aliuliza:

— Nikawaambie nini?

— Waambie wasiandike tena nazo. Wazifunge kitambaa, wazirudishe. Nitazipeleka kwa wazee na nitasema mbele ya safu za sala.

Ubao wa mlango ukafunguka. Bi Mwatima alitoka mpaka kizingitini, buibui amelikamata kidevuni, jambo ambalo sikupata kuliona saa zile za wanaume kunywa kahawa. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

— Mwalim, wewe lile jeneza umelichukua mara ngapi?

— Sina hisabu, Bi Mwatima.

— Likenda makaburini huwa na mtu.

— Naam.

— Na likirudi?

— Hurudi tupu.

— Barua nne zimerudi tupu, alisema. Sasa yule mtu aliyekuwemo huwa amebaki wapi?

Alimtazama Msabah, akamtazama Karani, akamtazama Redio, ambaye alikuwa amezimika. Jaku, ili mikono yake ipate la kufanya, aliinamisha dele juu ya kikombe changu, na dele halikutoa hata tone.

Bahasha ya Ame ilikuwa bado gotini. Niliiinua. Sisi tunaobeba jeneza tunaujua uzito wa kwenda na uzito wa kurudi, kwamba wakati wa kurudi watu hulishika kwa mkono mmoja na miguu yao huenda mbio yenyewe. Niliipima kiganjani mbele yao wote: ilikuwa na uzito wa kurudi, na sikuhitaji kuifungua.