Bi Usiwashe, Fundi wa Diski na Mpwa Wangu

Ndugu, jamaa na majirani, nawaomba mtulie, maana tunayemzika leo si mtu wa kusimuliwa harakaharaka. Kazi hii nimepewa mimi, mjomba wake. Si kwamba nimesoma kuliko wenzangu. Shule niliiacha darasa la saba, nayo haikunililia. Ila mpwa ni wa mjomba, na wa kujivunia huyu ni mimi kwanza, wengine mpange foleni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alikuwa mtoto wa pili na binti pekee wa dada yangu, fundi cherehani. Akili alirithi upande wetu. Upande wa baba yake walimpa urefu, tunawashukuru. Akiwa na miaka sita, sindano ya mama yake ilianguka sakafuni na mdogo wake alikuwa anatambaa. Sisi watu wazima tukakimbilia ufagio. Mtoto akatuzuia mlangoni, akasema asifagie mtu, asitembee mtu, kwa sababu sindano ipo palepale ilipoanguka na sisi ndio tutakaoipoteza. Akalala kifudifudi, shavu chini, akaiona ikimeremeta kando ya mguu wa cherehani. Nikamwambia dada yangu kwamba huyo ni mimi mtupu.

Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na kiwanda cha sabuni, akamaliza sekondari mwaka 1989. Hakuwa wa kwanza darasani, na atakayewaambia alikuwa wa kwanza anawapamba tu. Kati ya 1990 na 1992 alisomea elektroniki katika chuo cha ufundi, msichana peke yake kwenye karakana nzima. Wavulana walimfichia bisibisi wiki ya kwanza. Wiki ya pili walikuwa wanamwazima yake.

Mwaka 1993 aliajiriwa na ofisi ya bima kutengeneza mashine za kuchapa, baadaye kompyuta. Mwaka 1998 akafungua duka lake katika mtaa wa mafundi viatu, chumba chembamba hivi kwamba mteja mmoja lazima atoke ndipo mwingine aingie. Jina la Bi Usiwashe alilipata hapo. Ukimpigia simu kwamba kompyuta imezimika na mambo yako yote yamo ndani, hakukuuliza habari za nyumbani. Alisema, "Usiwashe." Diski inayougua, alisema, kila ukiiamsha inakufa zaidi.

Wengine walikuja wakilia kwamba wamebadilisha diski na sasa mashine imekodoa kioo cheusi, imekufa. Aliwaambia haijafa, inabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Inatafuta pa kuanzia kwenye diski iliyokwisha kung'olewa, au kwenye mpya ambayo bado haina kitu. Aliielekeza pa kuanzia, ikaamka. Mimi nilikuwa nakaa pembeni nikiwaeleza wateja kwamba nilimfundisha mimi. Hakuwahi kunikanusha mbele za watu, na hayo ndiyo malezi.

Sasa ndoa. Ng'ambo ya mtaa palikuwa na fundi mwingine, kijana mpole, mkimya kama mlango wa stoo. Mwaka 2002 mwalimu wa wanafunzi viziwi alimpelekea kompyuta yake abadilishiwe diski. Ndani mlikuwa na video alizowapiga wanafunzi wake kwa miaka, kila mmoja akionyesha neno kwa mikono, ili wapate kamusi yao. Fundi akaziweka diski mbili pamoja, ya zamani na mpya, anakili. Akanakili kinyume. Aliumimina utupu wa ile mpya juu ya ile iliyojaa. Aliposhtuka, robo ilikuwa imekwenda. Akang'oa waya, akaivingirisha diski kwenye taulo, akavuka barabara.

"Dada, nimemaliza kazi ya mtu."

"Umeiwasha tena?"

"Hapana."

"Basi hujaimaliza. Mwalimu anajua?"

"Bado."

"Nenda ukamwambie mwenyewe. Ukirudi utanikuta nimeshaanza."

Akaenda, akasema, akarudi. Video zilitoka, lakini zilitoka bila majina, namba tupu. Ikabidi mwalimu aje duka lile kila alasiri, atazame moja moja na kuzitaja: hii ni mvua, hii ni shangazi, hii ni wivu. Robo iliyofutwa haikurudi, na marehemu hakumdanganya. Wanafunzi waliitwa wapigwe video upya, wengine wameshaota ndevu. Mwalimu huyo ndiye mnayemwona hapa mbele akiyageuza maneno yangu kuwa mikono. Nimeambiwa majigambo anayapunguza.

Waliposema wanaoana, nilimuuliza mpwa wangu, katika wanaume wote hawa, ni huyu mfuta diski? Akanijibu, "Mjomba, unawajua wangapi wanaovuka barabara na kosa lao mkononi?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 2003, wakaunganisha maduka, wakajaliwa binti na mwana.

Ila mkwe wetu hakunakili tena diski peke yake. Kila kitu atafanya, lakini ikifika hapo anaita, "Mama watoto, njoo uone, ya zamani ni hii?" Naye anakuja, anaonyesha kwa kidole. Nyumbani ilikuwa utani. Mwaka 2021 figo za marehemu zilipogoma, akawa wa kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, utani ukaisha. Siku za hospitali kazi ililala. Yeye aliona mapema kuliko sisi kwamba siku akiondoka, duka litakufa naye, na mume wake atabaki na woga wake.

Mwezi wa nne mwaka huu aliletwa dukani, kajifunika shuka, mimi nikiwa pembeni na chai yangu. Kwenye meza palikuwa na diski ya mpiga picha. Mume wake akauliza kama ilivyo ada. Marehemu akageuza kiti, akampa mgongo. Akaulizwa tena.

"Baba watoto, mimi naangalia barabara."

Mkwe akasimama pale jasho likimtoka. Akasoma maandishi ya kila diski, akabandika utepe kwenye ya zamani, akaisoma tena. Akabonyeza. Kazi ilipokwisha akaifunga mpya, na kioo kikabaki cheusi. Nikaanza kuinuka niseme la hekima, marehemu akanifinya paja. Mkwe akainama, akaielekeza mashine pa kuanzia. Ikaamka, na picha za watu zote zimo. Marehemu hakugeuka hata hapo.

"Funga mfuniko," alisema. "Mteja anangoja."

Tangu siku hiyo hakuitwa tena.

Aliaga dunia hospitalini asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, akiwa na miaka hamsini na mitatu, mume na binti yake wakimshika mikono.

Ameacha mama mzazi, mume, watoto wawili, kaka, mdogo wake, na mjomba mmoja ambaye hana wa kumbishia tena. Duka litafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Fundi atakuwa peke yake, na anatosha.

Mpwa wangu apumzike, na amani iwe yake.