Ukuta wa Mgombea

Benchi letu liko kati ya duka la dawa na kibanda cha kunyoa. Asubuhi hiyo Mama Birika, muuza kahawa wetu, hajamaliza hata kumimina vikombe vya kwanza, redio ya dukani ikatangaza kwamba chama kimempitisha Mkandarasi kugombea udiwani, baada ya mchujo mkali. Kinyozi akaweka kikombe chini bila kuonja. Ukuta wa choo cha shule ulioporomoka mwaka jana ukamvunja binti yake mguu, aliujenga huyo huyo Mkandarasi. Mtoto mpaka leo anatembelea magongo.

— Mchujo mkali, akasema Spika, tunayemwita hivyo kwa sababu kwa kuongea kwake hajawahi kunywa kahawa ikiwa ya moto. Chujio gani hilo, lenye tundu la kupita ng'ombe?

— Jana kahojiwa redioni kipindi kizima, akadakia Fundi, mwashi wetu. Wamemuuliza anashabikia timu gani na mkewe anampikia nini. Ukuta hawakuugusa.

— Waugusaje, na matangazo ya kipindi kalipia yeye? akauliza Mama Birika.

— Mimi ningekuwa chama, akasema Spika, mgombea angehojiwa na mke aliyemwacha. Hewani, moja kwa moja.

— Spika, mke aliyeachwa ataongeza chumvi.

— Basi aje na wakwe wapunguze.

— Hapana, akasema Fundi. Kamati ya chama ikalale wiki nzima ndani ya jengo alilojenga mgombea. Wakiamka wote, apite.

— Na waandishi walale katikati, akasema Mama Birika.

— Na mvua inyeshe, akamalizia Spika.

Tukacheka sote, isipokuwa Kinyozi.

— Chekeni tu, jamani. Mwanangu kaniuliza kama huyu bwana akishinda ndiye atakayekuja kugawa zawadi shuleni. Nimjibu nini?

Fundi akamshika bega.

— Kaka, we unajua roho yangu. Ule ukuta niliujenga kwa mikono hii. Nondo zilishushwa asubuhi mbele ya mwalimu mkuu, jioni zikapakiwa tena kwenda kwenye nyumba ya Mkandarasi. Nikamwambia, bosi, hii itaanguka. Akanijibu nipige lipu.

— Nani hapa asiyejua? akauliza Spika. Kamati tu ndiyo haijui. Na magazeti.

Hapo dada mmoja akashuka kwenye pikipiki, begi begani, akatuamkia vizuri. Akasema yeye ni mwandishi wa gazeti, anafuatilia habari za ule ukuta.

— Chama kinapokea pingamizi mpaka jioni ya leo, akatueleza. Kinataka mashahidi wawili, kwa majina yao kamili. Mhariri wangu naye hivyo hivyo. Hizi habari za "wakazi wa eneo hilo" amezikataa.

Kinyozi akasimama. Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake. Miaka yote ameshika vichwa vyetu, na ndiyo kwanza tunalisikia.

— Ahsante, baba, akasema dada akiandika. Ila wewe ni mzazi, watasema una uchungu tu. Namhitaji mtu aliyeuona ukuta ukijengwa. Ni nani?

Spika akaanza kupuliza kahawa iliyopoa zamani. Mama Birika akasuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi. Mimi nikajifanya nasoma bango la duka la dawa. Kinyozi hakumtazama mtu. Alisimama tu pale, mikono nyuma, akingoja kwa adabu, kama anayempisha mwenzake mlangoni.

— Hata mmoja? akauliza dada.

Fundi akainuka, akajipangusa suruali, akachukua mfuko wake wa zana. Akasema anachelewa kazini, kuna nyumba wanaipiga lipu huko juu.

Hakuna aliyemuuliza ni nyumba ya nani.